Mapacha Wanapowahi: Maelekezo kwa Familia Inayowasubiri

Mimba ya mapacha huhesabiwa kwa wiki, si kwa miezi, na familia inayoishika hesabu hiyo tangu mwanzo hujua la kufanya siku mambo yanapobadilika. Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 kutimia huitwa njiti, na mapacha wengi huangukia humo. Wetu walizaliwa wiki ya 32, mmoja ana gramu 1,650 na mwenzake gramu 1,400. Kosa letu lilikuwa kuchelewa kupiga ultrasaundi, kwa kuwa kituo kimoja kilituambia tumbo ni kubwa kwa sababu mtoto ni mnene, nasi tukaridhika.

Kipimo hicho kifanyeni mapema, ikiwezekana kati ya wiki ya 11 na ya 14, na msiishie kuuliza kama watoto ni wawili. Ulizeni pia kama kondo la nyuma ni moja au ni mawili. Mapacha wanaotumia kondo moja huweza kunyang'anyana damu, mmoja akapungukiwa na mwingine akazidiwa, kwa hiyo mama yao huhitaji kupimwa mara nyingi zaidi. Hakikisheni jibu limeandikwa kwenye kadi ya kliniki, maana mkunga atakayempokea usiku huenda hamjui kabisa.

Kuhusu mahali pa kujifungulia, hapa Uganda kituo cha afya cha daraja la tatu huzalisha wanawake wengi salama, lakini upasuaji hutarajiwa kuanzia daraja la nne, na wodi ya watoto njiti mtaitafuta kwenye hospitali kubwa. Sisi wa Busia tulipaswa kuifikiria safari ya Mbale kabla ya uchungu kuanza. Tafuteni mapema dereva wa gari, si wa bodaboda, anayekubali kuamshwa, na namba yake iwe kwenye simu mbili. Mama akiona damu, chupa ikipasuka, kichwa kikimuuma sana huku macho yakiona ukungu, au tumbo likikaza na kuachia mara kwa mara, aondoke saa hiyo hiyo. Akifika kabla ya wiki ya 34, daktari anaweza kumchoma sindano za kukomaza mapafu ya watoto, na kwa kuwa dawa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ikipata kama saa 24 kabla ya kuzaa, kila saa mnayoipoteza nyumbani mkibishana mnawapunguzia watoto.

Wakishazaliwa, adui wa karibu ni baridi, kwa sababu njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Hapo ndipo inapoingia njia ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Mtoto huvaa kofia, soksi na nepi tu, akawekwa wima kifuani, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura na uso umegeuzwa upande ili pua iwe wazi. Kisha hufungwa kwa lesu ambayo ukingo wake wa juu hufika chini ya sikio. Shirika la Afya Duniani hushauri saa 8 hadi 24 kwa siku, na kwa mapacha mama peke yake hawezi kuzimaliza. Mke wangu ni Muganda, na kwa Waganda mkwe wa kiume hakaribiani na mama mkwe, seuze kukaa mbele yake kifua wazi. Tuligawana zamu: nyanya yao alikuwa na mdogo mchana, mimi niliingia jioni baada ya yeye kutoka, na hakuna aliyevunja mila. Wanaume wengine wodini walinicheka usiku wa kwanza. Usiku wa tatu wawili walikuwa wamevua mashati.

Maziwa ni kazi nyingine ya saa zote. Mtoto wa wiki 32 kwa kawaida hajaweza kupatanisha kunyonya, kumeza na kupumua, hivyo hulishwa kwa mpira mwembamba unaopita puani hadi tumboni, kila baada ya saa mbili au tatu. Mama aanze kukamua dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ndani ya saa chache za kwanza hata kama yanatoka matone, na akamue angalau mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo, la sivyo maziwa hukauka kabla watoto hawajajifunza kunyonya. Siku za kwanza uzito utashuka. Msiogope, ila ulizeni kila siku umefika wapi.

Mkirudi nyumbani, endeleeni na kangaruu, na msiache kurudi kupimwa macho, kwa kuwa njiti waliopewa oksijeni huweza kudhurika humo bila dalili ya nje. Majirani walioanza kuwaita Ssalongo na Nnalongo, yaani baba na mama wa mapacha, watataka kuwapakata watoto. Waangalie kutoka mlangoni kwanza. Kitovu msikipake majivu wala samadi. Kiacheni kikavu, kitadondoka chenyewe, na nyanya atakitunza kama mila inavyotaka.