Kabla hujaiambia antivairasi inyamaze kwenye kompyuta ya zamani

Antivairasi ikiipigia kelele programu yako ya zamani kuwa ni kirusi, anza kwa kujua mashine yako inatumia mfumo gani. "Windows ya zamani" si jibu. Fungua Run, andika winver, soma kinachotokea. Microsoft waliiacha Windows XP tarehe 8 Aprili 2014 na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Baada ya hapo watengenezaji wa antivairasi nao hujitoa mmoja mmoja, na hiyo iliyobaki kwenye mashine yako pengine haijapata apdeti miaka nenda rudi. Virusi vipya haivijui, na makosa yake ya zamani hakuna aliyekuja kuyasahihisha.

Bakapu kwanza. Hilo silielezi.

Halafu uelewe kwa nini programu nzee husingiziwa kuwa virusi, maana kusingiziwa kupo kweli. Nyingi hazina saini ya kidijitali, ule muhuri unaothibitisha nani kaitengeneza, au zina saini ya namna ya zamani, SHA-1, ambayo siku hizi haiaminiki. Nyingine zilibanwa kwa UPX, chombo cha kubana programu, zipungue ukubwa, na virusi navyo hujibana hivyo hivyo vijifiche. Kuna zinazozungumza moja kwa moja na bandari ya printa, au na kile kiufunguo cha kuchomeka ambacho bila hicho programu haifunguki, na dereva wa namna hiyo, yaani programu inayoiunganisha kompyuta na kifaa, akionekana leo hushukiwa kama mwizi usiku. Zaidi ya hapo, zimebaki kwa watu wachache. Antivairasi za sasa huuliza mtandaoni nani mwingine analo faili hili, na kwa programu ya mwaka 2003 hukosa wa kuzijibu.

Sasa soma jina la hicho inachokipigia kelele. Watu hawasomi! Wanaona dirisha jekundu wanatafuta pa kubonyeza. Ukiona Generic, Gen au Heur, hapo antivairasi inakisia. Kwa Microsoft, jina likiishia na !ml ujue ni mashine iliyojifunza yenyewe ndiyo iliyokisia. PUA na HackTool mara nyingi maana yake si kirusi, ni programu isiyopendwa tu. Lakini ukiona jina la ukoo kamili, Sality, Virut, Ramnit, simama hapo hapo. Hivyo ni virusi vinavyoingia ndani ya faili la .exe la mtu mwingine na kukaa humo. Programu inaweza kuwa halali kabisa, imenunuliwa kwa risiti, na nakala uliyoshika mkononi ikawa imeoza.

Hili nililipia. Kuna mama mmoja Tanga ana karakana ndogo ya darizi, anatia nembo kwenye sweta za shule. Kompyuta yake ni XP, kwa sababu programu ya kuchorea nembo haikukubali kitu kingine. Kila mara antivairasi yake ilimpigia kelele dereva wa kile kiufunguo. Nilikagua, nikalinganisha na sidii ya kiwandani, nikaona ni safi. Nikamwambia, "Mama, hii inasingiziwa. Ikitokea bonyeza ruhusu, uendelee na kazi."

Nilimfundisha vibaya. Nilimfundisha kubonyeza.

Wiki ya kwanza ya Januari, shule zinakaribia kufunguliwa, programu ikagoma kufunguka. Akampa kijana wake flashi yenye nakala ya setup, faili la kusakinishia programu, flashi ambayo ilikuwa imezunguka steshenari zote za mtaa kuchapisha fomu na barua. Kelele ikapigwa. Akanipigia simu, mimi nikiwa juu ya ngazi nafunga kamera kwa mteja mwingine. "Mwanangu, ile kelele imerudi." Sikumuuliza jina. Sikumuuliza faili gani. Nikasema, "Ndiyo ile ile mama, ruhusu."

Jioni akapiga tena. Alama ya antivairasi pale chini karibu na saa imetoweka. Akibonyeza Ctrl, Alt na Delete anaambiwa Task Manager imezimwa na msimamizi, na msimamizi ni yeye mwenyewe. Kesho yake nikaenda, nikajaribu Safe Mode, ile namna ya kuwasha Windows na vitu vya lazima tu, ikanitupia skrini ya bluu. Hapo nikajua. Sality hufuta mistari ya rejista, daftari la mipangilio ya Windows, ambayo Safe Mode huitegemea, kusudi usipate pa kuingilia. Nikachukua ile flashi nikaifungulia kwenye Linux, nikaiweka setup yake kando ya ile ya kwenye sidii. Jina moja, ikoni moja. Ya kwenye flashi ilikuwa nene zaidi kwa kilobaiti 70 na kitu.

Kilobaiti 70 ambazo mtu yeyote angeziona kwa kubofya Properties.

Michoro yenyewe, yale mafaili ya .DST, ilisalimika, kwa sababu Sality hula .exe na .scr. Niliihamisha yote, nikapiga Windows upya, nikatafuta madereva, siku 2 na nusu. Sweta zilikwenda kushonewa nembo kwa jirani ambaye ni mshindani wake. Mama hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akiwa na uzi wa bluu mapajani, akauliza kwa upole, "Si ulisema inasingiziwa?"

Kwa hiyo shika hili: anayetuhumiwa ni nakala. Ukiisafisha nakala moja leo, umeisafisha hiyo moja tu. Kesho faili hilo hilo likija kwa flashi nyingine, unaanza upya. Linganisha ukubwa kwa baiti, halafu linganisha hashi, alama ya faili inayokokotolewa kutoka kilichomo ndani yake. Kwenye Windows 7 kwenda juu fungua cmd uandike certutil -hashfile setup.exe SHA256, utapata herufi na tarakimu 64. Ya sidii ya kiwandani iandike kwenye daftari. Kwa XP, fanya kipimo hicho kwenye kompyuta nyingine. Kisha choma setup kwenye CD-R ukaifunge, na kuanzia hapo isisafiri tena kwa flashi. Sidii iliyofungwa hakuna kirusi kinachoweza kuiandika. Watu wananicheka natembea na sidii kwenye bahasha kama mwaka 2005. Wacheke.

Ukiwa huna nakala ya asili ya kulinganisha, peleka faili kwenye tovuti ya VirusTotal, lipimwe na antivairasi zaidi ya 60 kwa mpigo. Zikilia 2 au 3 usizozijua, kila moja na jina lake la kukisia, pengine ni kusingiziwa. Zikilia 40 na zinakubaliana jina, acha ubishi. Ila usipeleke huko faili lenye mambo ya mteja, mishahara au majibu ya vipimo, kwa sababu kinachopandishwa pale hugawiwa kwa kampuni za usalama.

Iambie antivairasi ilitenge faili karantini, isilifute. Tarehe 21 Aprili 2010 apdeti ya antivairasi ya McAfee namba 5958 iliona svchost.exe ya Windows XP SP3 kuwa ni kirusi, na kompyuta za maofisi zikaanza kujizima na kujiwasha, mtandao hakuna. Lile lilikuwa faili la Windows yenyewe. Sasa wewe na programu yako ya darizi utajiteteaje? Kilicho karantini hurudishwa. Kilichofutwa utakitafuta kwa watu.

Ukishajiridhisha, ruhusu faili hilo moja. Usiruhusu folda nzima ya Program Files, usiruhusu C yote, na Mungu akusamehe ukiruhusu flashi. Nimekuta kompyuta ya duka ambapo fundi aliyetangulia aliruhusu C:\ yote, na antivairasi imelipiwa mwaka mzima. Pia mtumie mtengenezaji wa antivairasi lile faili kupitia fomu yake ya kuripoti makosa. Wengi hurekebisha.

XP itoe kwenye intaneti. Chomoa waya, zima Wi-Fi, zima AutoRun inayofungua flashi yenyewe, na uandike kwa makapeni kwenye kasha: USIUNGANISHE. Mtoto wa shangazi atakuja na modemu tu, lakini walau atakuwa amesoma.

Programu iliyovunjwa kufuli sitakushauri chochote. Hiyo imeshaguswa na mtu usiyemjua, na hakuna hashi ya asili ya kulinganisha nayo. Madereva yaliyopakuliwa kwenye kurasa zenye vitufe 5 vya "pakua" ni vivyo hivyo. Na angalia ile betri ya mviringo kwenye ubao, CR2032. Ikifa, tarehe inarudi miaka ya nyuma kila umeme ukikatika, vyeti vya kidijitali vyote vinaonekana batili na antivairasi inalalamikia mambo ambayo hayapo. Nishawahi kuhangaika nusu siku na mashine ya namna hiyo, kumbe dawa ilikuwa betri ya kununua pale dukani.