Namna ya Kukadiria Muda wa Ndege kati ya Guangzhou na Beijing

Mfanyabiashara wa Kikuubo, Kampala, anayenunua bidhaa Guangzhou na kutakiwa kuonana na mtu Beijing, asipange miadi kabla hajakadiria safari yenyewe.

Anza na umbali wa angani, ambao ni takriban kilomita 1,890; usitumie ule wa barabara, kwa kuwa ni mrefu zaidi. Gawanya umbali huo kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, upate saa mbili na dakika ishirini hivi, kisha ongeza dakika arobaini za ndege kutembea uwanjani, kupaa na kushuka, ambazo wengi huzisahau. Jumla ni kama saa tatu, na ndiyo sababu tiketi nyingi za njia hiyo huonyesha muda unaokaribia huo.

China nzima hutumia saa za aina moja, kwa hiyo toa muda wa kuondoka katika muda wa kufika bila marekebisho yoyote. Ila ukipigia nyumbani, kumbuka kwamba Uganda iko nyuma kwa saa tano: ndege ikiondoka Guangzhou saa mbili asubuhi, Kampala ni saa tisa usiku.

Jambo la kuangalia kwa makini zaidi ni jina la uwanja, kwani Beijing ina viwanja viwili vikubwa, Capital kaskazini-mashariki na Daxing, uliofunguliwa mwaka 2019, kusini, na kuvuka mji kutoka kimoja hadi kingine huchukua muda mrefu.