Kupiga Picha za Setilaiti Baina ya Magharibi na Isha: Mwongozo kwa Wakazi wa Malindi na Lamu

Miongozo mingi ya kutazama setilaiti imeandikwa na watu wa nchi za kaskazini, na mkazi wa Malindi au Lamu anayeifuata neno kwa neno huishia kukesha bure. Uingereza, mwezi wa Juni, jua halizami mbali chini ya upeo wa macho, kwa hiyo setilaiti huendelea kumulikwa nalo hata usiku wa manane. Sisi tuko karibu sana na ikweta, Malindi ikiwa nyuzi 3.2 kusini na Lamu nyuzi 2.3, na hapa jua hutumbukia karibu wima, giza huingia upesi, na kivuli cha dunia hupanda angani kwa kasi ile ile. Fursa yetu ni fupi, lakini mipaka yake kila mtu wa pwani anaijua tangu utotoni: hufunguka Magharibi ikishaswaliwa na kufungwa muda mfupi baada ya adhana ya Isha.

Sababu yake ni hii. Setilaiti haionekani kwa taa yake yenyewe, bali kwa mwanga wa jua unaogonga mwili wake na paneli zake za sola ukarudi kwetu. Ili tuione, sharti sisi tuwe gizani na yenyewe bado iwe juani. Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho ndicho king'avu kuliko vyote, huzunguka kimo cha kilomita 400 hivi, na kikipita utosini hubaki juani mpaka jua lishuke nyuzi 20 chini ya upeo. Isha yenyewe huhesabiwa jua likiwa limeshuka nyuzi 18 au karibu na hapo. Kwetu jua hufika kina hicho cha nyuzi 20 takriban saa moja na dakika ishirini baada ya kuzama. Ukiondoa nusu saa ya mwanzo, ambapo anga bado ni jeupe mno, unabaki na dakika 50 za kazi, pengine saa nzima ikiwa setilaiti inapita upande wa magharibi au ikiwa juu zaidi, kama nyingi za Starlink, zilizo kimo cha kilomita 480 hadi 550 hivi. Alfajiri mambo hujirudia kinyumenyume: fursa hufunguka karibu na adhana ya Alfajiri na kufungwa kunapopambazuka.

Kabla ya kutoka nyumbani, tafuta ratiba. Tovuti ya Heavens-Above hutoa jedwali la mapito ya kila siku bila malipo, na programu ya Stellarium huonyesha njia ya setilaiti katikati ya nyota, jambo linalosaidia sana kupanga picha. Ingiza mahali ulipo hasa: Malindi ni longitudo 40.1 mashariki, na Lamu ni 40.9. Saa za jedwali huandikwa kwa mfumo wa saa 24, kwa hiyo 19:14 ni saa moja na dakika 14 usiku. Tazama safu mbili tu mwanzoni. Ya kwanza ni ya mwangaza, ambapo namba ikizidi kuwa ndogo setilaiti huzidi kung'aa, na yenye alama ya kutoa ndiyo ya kukimbilia. Ya pili ni ya kimo cha juu kabisa kwa nyuzi. Mimi siendi ufukweni kwa pito lililo chini ya nyuzi 40, kwa sababu ukungu wa chumvi juu ya bahari hula mwanga mwingi. Angalia ratiba tena siku yenyewe, maana Kituo cha Anga husukumwa juu mara kwa mara ili kisishuke, na kila kinaposukumwa ratiba ya zamani hupotoka. Fahamu pia kwamba mapito yake huja kwa makundi: utayapata jioni kadhaa mfululizo, kisha yatoweke kwa wiki kadhaa.

Tuna bahati moja ambayo watu wa London hawana. Darubini ya Hubble huzunguka kwa mwinamo wa nyuzi 28.5 kutoka ikweta, hivyo haiendi kaskazini ya kutosha hata wao waione, lakini hapa kwetu hupita juu kabisa ya vichwa, ikitoka magharibi kwenda mashariki, ikiwa na mwangaza wa nyota ya wastani. Kila anayeanza ningemshauri aitafute baada ya kukizoea Kituo cha Anga.

Kuhusu pande za dunia, weka dira ya simu mfukoni, kwa kuwa chuma kilicho karibu huipotosha. Mwenye kujua kibla hapa anajua kaskazini. Makka iko karibu katika longitudo ile ile ya kwetu, kwa hiyo anayeelekea kibla akiwa Malindi ameelekea kaskazini halisi kwa tofauti isiyofika nyuzi moja, na akiwa Lamu tofauti haifiki nyuzi tatu. Simama hivyo: magharibi iko mkono wako wa kushoto na mashariki mkono wa kulia. Kituo cha Anga kitatokea ama kushoto mbele yako na kuvuka kwenda kulia nyuma, yaani kutoka kaskazini magharibi hadi kusini mashariki, ama kushoto nyuma na kuvuka kwenda kulia mbele. Kimo nacho kipime kwa mkono ulionyooshwa: ngumi moja ni nyuzi 10 hivi, na shubiri iliyokunjuliwa vizuri ni karibu nyuzi 20.

Ukishaiona, huna haja ya kubishana. Ndege ina taa nyekundu na kijani, na nyingine zinazopepesa, na mara nyingi utaisikia. Kimondo hukata anga kwa sekunde moja au mbili na kuzimika. Setilaiti hwenda taratibu kwa mwendo mmoja, kimya, bila kupepesa, na pito zuri huchukua dakika tano au sita. Ukiona nukta inayong'aa na kufifia kwa vipindi vinavyolingana, kwa kawaida hicho ni kipande cha roketi kilichobaki angani kikiwa kinapinduka.

Sasa kamera. Unahitaji lenzi pana, ya milimita 14 hadi 24, stendi ya miguu mitatu, na kamera inayokubali kuendeshwa kwa mkono. Jambo ambalo wengi hulikosea ni kudhani kwamba ukiacha shata wazi muda mrefu zaidi, mstari wa setilaiti utang'aa zaidi. Haiwi hivyo. Setilaiti haitulii mahali pamoja. Kituo cha Anga kikiwa utosini husogea karibu uzi mmoja mzima kwa kila sekunde, hivyo kila nukta ya sensa hupokea mwanga wake kwa kitambo kidogo sana, kisha kimekwisha kuhama. Muda mrefu hurefusha mstari na kuing'arisha anga iliyo nyuma yake, basi. Kinachoupa mstari nguvu ni upana wa tundu la lenzi na kiwango cha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Kwa hiyo fungua lenzi hadi f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana) au pana zaidi kama inaruhusu, weka ISO 800, na utumie muda kurekebisha weupe wa anga. Dakika tano kabla ya pito, piga picha ya majaribio ya sekunde 10. Anga ikitoka nyeupe, kama inavyokuwa Magharibi ikiwa bado mbichi, punguza sekunde hadi 5 au 4 na uyaache hayo mengine yalivyo. Ikiwa giza limekolea, ongeza hadi 15. Usizidishe 20 kwa lenzi ya milimita 24, maana nyota zinazopita juu yetu ndizo zinazokwenda kasi kuliko zote na zitageuka vijistari.

Fokasi iwekwe kwa mkono. Elekeza kamera kwenye nyota kali au sayari kama Zuhura ikiwapo, ikuze kwenye kioo cha nyuma, zungusha pete ya lenzi polepole mpaka nukta iwe ndogo kabisa, kisha bandika kipande cha utepe ili pete isihame. Zima kitulizaji cha mtikisiko, na uzime pia kipengele cha kusafisha chembechembe za picha ndefu, kwa sababu hicho huifanya kamera ikae bila kupiga kwa muda ule ule wa picha iliyotangulia, na setilaiti haikungoji. Hifadhi faili ghafi (RAW), weka kamera ipige mfululizo bila kupumzika, na anza dakika moja kabla ya wakati wa ratiba. Kwa simu, tumia hali ya Pro badala ya ile ya usiku inayojiendesha, kwani hiyo ya pili huunganisha picha nyingi fupi na mara nyingine huukatakata mstari.

Ufukweni adui ni upepo, mchanga na umande wa chumvi. Miezi ya kaskazi, hasa Januari na Februari, ndiyo yenye anga safi, lakini upepo wake hutikisa stendi, kwa hiyo ning'iniza mfuko wa mchanga chini ya kitovu chake. Miguu nayo huzama taratibu bila wewe kujua. Mimi huchukua vifuu vitatu vya nazi, nikavikandamiza mchangani, na kuweka kila mguu ndani ya kifuu chake. Tochi ifunge kitambaa chekundu ili macho yasipoteze uzoefu wa giza. Kama uko Ngomeni, omba ruhusa kabla ya kuelekeza kamera kwenye Kituo cha Anga cha Luigi Broglio, ambacho ni kituo cha Waitalia cha hapa duniani, si kile kinachozunguka angani. Ni kutoka huko, kwenye jukwaa la San Marco baharini, ndiko Uhuru ilikorushwa tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei ya angani, ikapewa jina hilo kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake.

Pwani yetu hutazama mashariki, na hilo liamue picha yako. Jioni setilaiti huja kutoka bara, nyuma ya minazi, na huzidi kung'aa inapovuka kuelekea baharini kwa kuwa sasa tunauona upande wake uliomulikwa. Kisha huzimika kabla ya kufika upeoni. Januari moja, nikiwa Shela, nilikifuatilia Kituo cha Anga kikipanda juu ya vilima vya mchanga, cheupe kabisa, kikavuka utosi, na kilipofika kama shubiri mbili juu ya maji rangi yake ikageuka ya machungwa, ikafifia, na kwa sekunde chache kikawa hakipo. Kilikuwa kimeingia kivulini, na kwa kitambo hicho kifupi kilikuwa kikimulikwa na machweo. Ukitaka picha ya mstari unaokatika namna hiyo, elekeza kamera mashariki na uache nafasi tupu mbele ya pale unapokatika. Ukitaka mstari unaoshuka mpaka baharini, amka alfajiri.

Nyumbani, zipange picha zote za pito moja katika programu ya bure kama StarStaX, ukichagua njia inayobakiza nukta ang'avu zaidi ya kila picha, nawe utapata mstari mmoja mrefu. Andika tarehe, saa na jina la setilaiti kabla hujasahau. Lenzi ipanguse usiku huo huo kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kidogo, halafu kwa kikavu. Chumvi iliyolala hadi asubuhi hukwaruza kioo unapoifuta.