Seva Imewaka, Mtandao Haupo: Kusoma Logi na Kuipa Kadi ya Mtandao Jina Lisilohama

Umeongeza diski ya NVMe (aina ya diski ya kasi) ndani ya seva ya Debian 12, mojawapo ya mifumo ya Linux, umeiwasha, nayo imefika kwenye skrini ya kuingia bila kulalamika, lakini hakuna anayeweza kuifikia kupitia mtandao. Waya uko mahali pake na taa ya swichi inawaka. Katika hali kama hii kadi ya mtandao kwa kawaida ni nzima. Kilichobadilika ni jina lake, na mipangilio uliyoiandika bado inaliita jina la zamani. Kabla hujagusa faili lolote, lithibitishe hilo kwa kusoma logi, yaani kumbukumbu za mfumo.

Utalazimika kukaa mbele ya mashine yenyewe kwa kibodi na skrini. Wengi huanza kwa kufungua /var/log/syslog na kushtuka kwamba faili hilo halipo. Tangu Debian 12 ilipotoka mwaka 2023, rsyslog, programu iliyokuwa ikiliandika faili hilo, haimo tena katika usakinishaji wa kawaida, na logi hutunzwa na systemd-journald (kwa kifupi journald), sehemu ya systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo. Andika amri hii:

journalctl -b -k | grep -i renamed

Herufi b hukuletea ujumbe wa tangu mashine ilipowashwa mara ya mwisho, na k hubakiza ujumbe wa kerneli, yaani kiini cha mfumo, pekee. Iendeshe amri ukiwa root (msimamizi mkuu), au ukiwa mwanachama wa kundi la adm au systemd-journal, kwa sababu mtumiaji wa kawaida huonyeshwa ujumbe wake mwenyewe tu na anaweza kudhani kwamba hakuna kilichoandikwa. Utaona mstari unaofanana na huu:

r8169 0000:04:00.0 enp4s0: renamed from eth0

Sasa iulize logi ya uwashaji uliotangulia kwa kuandika -b -1 badala ya -b. Ikiwa umeshaizima na kuiwasha mashine mara kadhaa kwa kuhangaika, journalctl --list-boots itakuonyesha orodha nzima, nawe utachagua uwashaji wa kabla ya diski mpya. Kule ukikuta enp3s0 na hapa enp4s0, chanzo umekipata. Hitilafu yenyewe utaisoma kwa journalctl -b -u networking, ambapo networking, huduma inayowasha mtandao, italalamika kwamba kifaa enp3s0 hakionekani.

Kama mfumo unasema hauna logi za uwashaji uliopita, maana yake journald inaandika ndani ya /run, ambayo ni sehemu ya RAM na hufutika mashine inapozimwa. Debian huziweka kwenye diski tangu toleo la 11, lakini si kila mfumo wa Linux unafanya hivyo. Tengeneza saraka ya /var/log/journal, endesha systemd-tmpfiles --create --prefix /var/log/journal, kisha journalctl --flush. Hofu ya kujaza diski haina msingi mkubwa, kwa kuwa usipopanga chochote journald hujizuia kwenye asilimia 10 ya mfumo wa faili, na haizidi GB 4. Binafsi siachi seva yoyote bila hatua hii, kwa sababu logi inayopotea umeme unapokatika haikufai siku unayoihitaji.

Jina hubadilika kwa sababu linatokana na mahali kadi ilipo. Tangu systemd 197 ya mwaka 2013, herufi en humaanisha Ethernet, p3 ni namba ya basi ya PCI, yaani njia inayounganisha vifaa ndani ya kompyuta, na s0 ni nafasi ndani ya basi hiyo. Diski ya NVMe nayo ni kifaa cha PCIe, hivyo ikiingia mbele ya kadi katika hesabu, basi zinazofuata husogea kwa namba moja.

Utashauriwa kuongeza net.ifnames=0 kwenye mstari wa kuwashia kerneli ili urudishe majina ya mtindo wa zamani kama eth0. Kwa mashine yenye kadi moja ushauri huo hauna madhara makubwa. Kwa mashine yenye kadi mbili ninaupinga kabisa: eth0 na eth1 hugawiwa kwa kufuata kadi iliyotambuliwa kwanza, na siku zikibadilishana, sheria za ukuta wa moto ulizoziandikia mtandao wa ndani zitakuwa zimeelekezwa kwenye intaneti.

Njia ya kudumu ni kulifunga jina kwenye anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi yenyewe. Isome kwa ip link, kisha tengeneza faili /etc/systemd/network/10-lan0.link lenye mistari hii, ukiweka anwani yako mahali pa ile ya mfano:

[Match]
PermanentMACAddress=52:54:00:ab:cd:ef

[Link]
Name=lan0

Namba 10 ina kazi yake: mafaili haya husomwa kwa mpangilio wa majina na la kwanza linalolingana ndilo linalotumika, kwa hiyo ni lazima litangulie 99-default.link, faili la kawaida linalokuja na systemd. Jina lisizidi herufi 15, na usichague eth0, kwa kuwa kerneli yenyewe inaweza kuwa imeshaligawa kwa kadi nyingine. Kisha endesha update-initramfs -u, maana udev, sehemu inayovipa vifaa majina, huanza kazi mapema na inaweza kutumia nakala ya zamani iliyomo ndani ya initramfs, mfumo mdogo wa muda unaotumika mwanzoni mwa kuwaka. Hatua hii ndiyo inayosahaulika zaidi, na mtu hubaki akilisahihisha faili ambalo halikuwa na kosa.

Kabla ya kuwasha upya, tafuta kila mahali jina la zamani lilipoandikwa, uweke lan0 badala yake:

grep -r enp3s0 /etc

Usiishie kwenye /etc/network/interfaces. Iangalie kwa makini /etc/nftables.conf, faili la sheria za ukuta wa moto: sheria inayotumia neno iif (kadi ambayo data inaingilia) na jina la kadi isiyokuwepo huifanya nft, programu ya ukuta wa moto, ikatae kupakia faili zima, na seva hubaki bila ukuta wa moto wowote. Neno iifname halina tatizo hilo, ingawa nalo linahitaji jina sahihi. Ukishawasha upya, rudia amri ya kwanza uone lan0 mahali palipokuwa na enp4s0, halafu endesha nft list ruleset uhakikishe kwamba sheria zimepakiwa.