Somo: Fundi, acha kusema "njoo kesho"

Mafundi wenzangu wa Kigoma, salaam. Somo hili niliwaahidi kwenye kikao, na nimelichelewesha siku nne. Chekeni kwanza, halafu tuendelee.

Nina cherehani mbili na kibaraza hapa Mwanga. Kuna mwaka nilipokea oda za Idi bila hesabu, kila anayekuja namwambia "itakuwa tayari". Mkesha wa sikukuu wateja sita walikuwa wamekaa kwenye benchi wakinitazama napiga vifungo. Dada mmoja aliondoka na gauni lisilo na zipu, kalibana na pini. Sikulala usiku ule, na bado nikaitwa mvivu. Shida yangu haikuwa uvivu. Nilikuwa sijui gauni moja linakula muda gani.

Hatua ya 1: Ipime kazi kama unavyompima mteja. Wiki nzima, kila nguo andika umeanza saa ngapi na umemaliza saa ngapi. Usiandike kushona peke yake. Kukata, ovaloki ya kuzuia kingo zisifumuke, vifungo, pasi, na yule mteja aliyepita "kuangalia tu" akakaa nusu saa, vyote viingie. Gauni la kawaida la kitenge nilikuwa naapa ni masaa mawili. Daftari likaniambia matatu na nusu. Niliona aibu, nikarudia wiki ya pili. Ikawa vilevile.

Hatua ya 2: Hesabu masaa uliyo nayo kweli. Hapa wengi tunadanganywa na ndugu zetu wa Dar. Nchi nzima inafuata saa ileile, lakini sisi tuko magharibi kabisa, jua linatufikia kama dakika arobaini baada yao. Kwetu linachomoza karibu na saa moja asubuhi, na utosini linafika kama saa saba mchana. Mtu wa Dar akikwambia "saa kumi na mbili uwe umeshaanza kazi", anasema habari ya jua lake. Wewe ukishona nguo nyeusi saa hiyo utafumua mchana. Ila jioni tunafidiwa, maana saa kumi na mbili na nusu bado unatunga uzi bila taa.

Kwa hiyo mimi nakata, na nashona vitambaa vyeusi, kuanzia saa mbili hadi saa sita, kabla wateja hawajajaa. Saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni ni masaa kumi na moja. Toa chakula, swala, sokoni, mtoto: yanabaki saba. Sasa sikiliza vizuri: hayo saba usiyajaze. Jaza matano. Mawili yaache kwa umeme kukatika, msiba wa jirani na sindano kuvunjika.

Hatua ya 3: Daftari kwanza, ahadi baadaye. Kila siku ina ukurasa wake na masaa yake matano. Gauni likiingia, kata matatu na nusu. Ukurasa ukijaa, umejaa, hata kama anayeomba ni mama mkwe. Mteja akisema anataka Ijumaa, fungua daftari mbele yake, mwonyeshe Ijumaa ilivyo. Watu hubishana na mdomo wa fundi, na wana haki, lakini sijaona aliyebishana na daftari.

Hatua ya 4: Kusanya kazi za aina moja. Kata zote siku moja. Nguo za uzi mweupe zifuatane. Ovaloki zote pamoja.

Hatua ya 5: Simu ikae kwenye droo. Mwitaliano mmoja, Francesco Cirillo, mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, alitega saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: asome dakika 25 bila kugusa kingine, kisha apumzike 5. Njia hiyo inaitwa pomodoro, yaani nyanya kwa lugha yao. Kwangu dakika 25 ni chache, nakatishwa katikati ya kola. Natumia bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini wa cherehani. Nashona hadi uzi wa bobini uishe, ndipo nashika simu.

Maswali ya wanakikundi

*Muuza dagaa, Kibirizi:* Mwalimu, sisi hatufuati saa, tunafuata mwezi. Hizo kurasa zako zitanisaidia nini?

Mama, wewe unatuzidi sote. Dagaa hufuata taa za wavuvi gizani, mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, mitumbwi inapumzika. Mwezi mpevu hurudi kila baada ya siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo siku zako za kukaa unazijua mapema. Ziandike sasa. Madeni, hesabu, kutengeneza vichanja na kwenda kliniki viwekwe huko, usiku wa giza ubaki wa mzigo.

*Kijana anayejifunza ufundi, Ujiji:* Bosi anapokea oda bila kuniuliza, lawama zinanijia mimi.

Weka daftari lako mwenyewe wiki mbili, mdogo wangu, kisha mpelekee kwa adabu mkiwa wawili. Usimwonyeshe mbele ya wateja.

*Dada anayeshonea wateja wa Bujumbura:* Kila siku tunapishana kwenye simu.

Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Kwako ikiwa saa tatu, kwao ni saa mbili. Ukituma ujumbe andika "saa tatu ya Kigoma".

*Mama mwenye kichanga:* Hayo masaa saba mimi niyatoe wapi?

Huna, dada yangu, na hesabu ya mwenye kibaraza isikutie unyonge. Pima wiki hii. Ukipata matatu, jaza mawili. Gauni moja litachukua siku mbili, basi sema siku mbili.

*Fundi, Gungu:* Na anayeleta nguo ya msiba leo, inatakiwa kesho asubuhi?

Yale masaa mawili tuliyoacha wazi ndiyo yake. Yakiwa yameshaliwa, nampeleka kwa fundi jirani, naye akizidiwa huniletea wake. Jana nimempelekea madera mawili, na leo asubuhi kaniletea sare tatu za shule zenye mifuko miwili kila moja.