Upele ukiingia nyumbani, tibiweni wote usiku mmoja

Mtoto akijikuna usiku mpaka usingizi unamruka, ana vipele baina ya vidole, viunoni au matakoni, na nduguye naye anajikuna, shukuni upele. Huletwa na utitiri usioonekana kwa macho, unaochimba ngozi na kutaga mayai. Si uchafu wala kijicho, musioneane haya.

Anayeupata mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuwashwa, na huku anaambukiza wenziwe. Ndiyo maana kumtibu mtoto mmoja ni kazi bure: kesho analala mkeka mmoja na wenziwe.

1. Nendeni zahanati muhakikishiwe. Mutaje wote munaolala pamoja, hata mgeni na dada wa kazi.

2. Usiku huohuo, wote mupake krimu ya permethrini 5%, shingoni hadi nyayoni: chini ya kucha, kitovuni, sehemu za siri. Mtoto mchanga ana kipimo chake, muulize daktari. Ikae saa 8 hadi 14. Anayetawadha Alfajiri kabla muda haujaisha, apake tena alipoosha. Wengi husahau hapa.

3. Asubuhi fueni kwa maji moto leso, vikoi na mashuka ya siku 3 zilizopita, muanike juani. Kisichofulika kifungwe mfukoni siku 3 au zaidi.

4. Rudieni dawa baada ya siku 7, hata kama kuwashwa kumepungua.

Maswali

*Madrasa yetu Likoni watoto kadhaa wanajikuna. Tufunge?*
Hapana, ustadh. Waarifu wazazi wote bila kutaja jina la mtoto, na umwite mhudumu wa afya ya jamii. Watoto, walimu na watu wa nyumbani mwao watibiwe kwa wakati mmoja. Kuna pia vidonge vya ivamektini, ila si vya wajawazito wala watoto wa chini ya kilo 15.

*Nimemaliza dawa, bado nawashwa.*
Ngozi huweza kuwasha wiki 2 hadi 4 baada ya utitiri kufa. Vipele vipya vikizidi kutoka, rudi zahanati.

*Nyanya ataka nimpake mwanangu mafuta ya taa.*
Usimpake, dadangu, yatamchoma. Mwambie nyanya kwa upole, kisha naye umpake krimu. Na mtoto akiwa na vidonda vya usaha, mpeleke hospitali leo: maambukizi hayo huweza kudhuru figo.