Pedeli za kliti zidumu: utunzaji wake kwenye vumbi la Arusha na magadi ya Natron

Pedeli nzuri ya kliti, yaani inayoshika kipande cha chuma (kliti) kilichofungwa chini ya soli ya kiatu, inaweza kudumu kuliko baiskeli tatu. Kampuni ya Shimano ilitoa mfumo wake wa pedeli hizi, SPD, mwaka 1990, na hadi leo napokea pedeli za zamani zilizochubuka rangi yote lakini zinafunga na kuachia kiatu vizuri, kwa kliti mpya iliyonunuliwa juzi. Napokea pia pedeli za msimu mmoja ambazo hazifai hata kwa spea. Tofauti iko kwenye beringi iliyoachwa ikichezacheza, na kwenye kliti iliyokwisha ambayo mwenyewe anaendelea kuikanyagia.

Kazi yangu ni ufundi wa baiskeli hapa Arusha, na wateja wangu wengi ni waongoza watalii. Baiskeli zao zinashuka miteremko ya Meru, zinavuka mashamba ya Mto wa Mbu, zinakula vumbi la Longido. Zinazoteseka kuliko zote ni zile za Ziwa Natron, na nitazirudia.

Anza na kliti, kwa sababu ndicho kipande kinachotakiwa kwisha. Kliti ya Shimano ni ya chuma kigumu. Ya Crankbrothers na ya Time, watengenezaji wengine wa pedeli, ni ya shaba njano, laini zaidi, inalika mapema ili taya za pedeli zinazoishika zisilike. Wateja wanalalamika kwamba kliti za shaba haziishi. Mimi naona ni mpango wa busara, mradi ukubali kuzibadilisha kwa wakati. Geuza kiatu utazame ncha ya mbele na ukingo wa nyuma. Ukingo ukiwa umekonda na kung'aa kama kisu, imekwisha. Barabarani dalili ni mbili: mguu unachomoka wenyewe unapovuta pedeli juu, au unazungusha kisigino nje na kiatu hakiachii pale kilipozoea kuachia.

Hapo ndipo wengi wanapochukua alenki ya milimita 3 na kukaza springi inayobana taya. Usifanye hivyo. Kliti iliyolika ikikandamizwa na springi iliyokazwa inasaga taya, na taya hazibadilishwi. Utakuwa umeua pedeli nzima kuokoa kipande cha bei ndogo. Badilisha kliti zote mbili kwa pamoja, kisha ndiyo uguse springi, klik moja moja, pande zote sawa. Na ukinunua za Shimano, soma namba: SH-51 nyeusi inaachia kwa kuzungusha kisigino pembeni tu, SH-56 ya rangi ya fedha inaachia kwa pande zaidi. Mtu aliyezoea moja akifungiwa nyingine bila kuambiwa anaweza kuanguka.

Kabla ya kufungua kliti ya zamani, ichore kwa kalamu kuizunguka ili mpya ikae palepale. Goti linajua tofauti ya milimita mbili. Chokoa matope yote kwenye tundu la bolti kwa msumari au sindano nene mpaka alenki ya 4 izame hadi chini. Bolti nyingi zinazoharibika vichwa huharibika kwa sababu ya udongo uliobaki humo ndani. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi, kaza kwa Nm 5 hadi 6 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), uendeshe kidogo, kisha uzikaze tena kwa sababu kliti hujikalia kwenye soli.

Sasa beringi. Kagua hivi: shika mkono wa kranki, ule unaobeba pedeli, usitikisike, kwa mkono mwingine jaribu kuinua na kushusha pedeli. Ikigonga hata kidogo, inacheza. Ifuate hiyo siku hiyohiyo. Ndani mna gololi ndogo mno zinazotembea kwenye njia zake. Zikipata nafasi ya kurukaruka, kila kanyagio linazipiga ukutani na kuchimba vidonda kwenye chuma. Vidonda hivyo havizibiki kwa grisi wala kwa kukaza. Baadaye zungusha pedeli kwa kidole. Wengi wanafurahi ikizunguka muda mrefu kama pia, lakini pedeli yenye grisi ya kutosha huzunguka kwa uzito fulani na kusimama mapema. Inayozunguka bila kikomo mara nyingi imekauka. Inayokwaruza ina mchanga.

Uzuri wa pedeli nyingi za Shimano, hata za bei ya chini kama M520, ni kwamba ekseli yote (mhimili ambao pedeli inauzunguka) na beringi zake inatoka kwa pamoja. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue ipi, namwambia M520. Ni nzito, gramu 380 hivi kwa jozi, lakini inafunguka, na mtu anayeishi mbali na maduka ya spea anahitaji kitu kinachofunguka kuliko kitu chepesi.

Itoe pedeli kwenye kranki. Ya kulia inafunguka kwa kuzungusha kinyume cha saa, kama bolti ya kawaida. Ya kushoto inafunguka kwa mwelekeo wa saa. Kwenye pedeli sasa tazama kola, pete iliyozunguka ekseli. Baadhi ni za plastiki zenye meno na zinataka kifaa chake, TL-PD40. Nyingine zinakubali spana bapa. Kwenye kola kuna mshale unaoonyesha upande wa kukaza. Usome vizuri, kwa sababu kola ya pedeli ya kulia ina nyuzi za kinyume, na kola ya plastiki ikilazimishwa upande usiofaa inapasuka. Ukishaufuata kinyume, ekseli inatoka na gololi zake zikiwa mahali pake.

Kama beringi hazichezi na hazikwaruzi, huna haja ya kufungua zaidi. Futa tundu la pedeli kwa kitambaa kisafi. Tia grisi ndani, donge la ukubwa wa punje ya maharage, kisha rudisha ekseli taratibu. Ekseli inapoingia inaisukuma grisi mpya ipite kwenye gololi, na ile ya zamani inatokea kwenye sili (kizuizi cha vumbi na maji) upande wa kranki, nyeusi na yenye chembechembe. Ifute, toa ekseli, tia tena, mpaka inayotoka iwe safi. Usilazimishe kwa haraka, sili inaweza kusukumwa nje. Grisi ya beringi za magurudumu ya gari, ile isiyoyeyuka kwa maji, inafaa kabisa.

Ikiwa inacheza, mwishoni mwa ekseli kuna nati mbili ndogo, kwenye modeli nyingi za zamani ni za spana 7 na 10. Moja inabana gololi, ya nje inaifunga isitembee. Legeza ya nje, kaza ya ndani kwa robo ya robo ya mzunguko, funga ya nje, ujaribu. Utarudia. Unatafuta pale ambapo haigongi na bado inazunguka laini, na kazi hii haina njia ya mkato. Fundi anayekukabidhi kwa dakika tano amekaza kupita kiasi. Za Crankbrothers zimejengwa tofauti, zina beringi upande mmoja na bushi (pete laini isiyo na gololi) upande wa pili, hivyo hazikazwi. Zikianza kucheza unabadilisha vyote kwa seti yake ya spea.

Kuhusu kuosha, niseme kwa mkazo: mashine ya presha ya kuoshea magari isielekezwe kwenye pedeli. Sili imetengenezwa kuzuia vumbi na maji yanayorushwa na tairi, haiwezi kuzuia presha. Maji yanaingia, hayatoki, grisi inageuka rangi ya maziwa na gololi zinashika kutu. Ndoo, brashi ya meno iliyochakaa na sabuni vinatosha. Baada ya kukauka, tone moja la oili ya cheni kwenye kila upande wa springi, fungua na kufunga taya mara kadhaa, kisha futa yote inayoonekana. Oili inayobaki nje inakusanya vumbi, na vumbi la huku la majivu ya volkano ni jembamba na linasaga.

Natron ni habari nyingine. Matope ya ufukweni yana magadi na chumvi: magadi yanakula alumini ya mwili wa pedeli, chumvi inaozesha springi na bolti za kliti. Usisubiri kufika mjini. Jioni ileile, kambini, mwagia pedeli na soli za viatu maji matamu ya kutosha, hata ukitumia chupa mbili za kunywa, ukiwa unafungua na kufunga taya ili maji yapite ndani. Ukirudi, toa ekseli na usukume grisi mpya bila kungoja dalili.

Pedeli iliyogonga jiwe, zungusha ekseli na utazame ncha yake. Ikiyumba, imepinda, na ekseli iliyopinda hainyooshwi kwa nyundo kwa sababu inaweza kukatika chini ya mguu kwenye mteremko. Kipimo hikihiki kitumie unaponunua za mtumba, pamoja na kutazama taya kama zimechongeka.

Unaporudisha kwenye kranki, safisha nyuzi, paka grisi, anza kwa vidole mizunguko kadhaa kabla ya kushika spana. Ikigoma mapema, umeikosesha nyuzi. Toa uanze tena. Kaza kwa Nm 35 au zaidi kidogo, na uitoe na kuipaka grisi tena angalau mara moja kwa mwaka ili isigandane na kranki.